Msingi wa Nguzo ya Taa Haubebi Uzito Pekee

Wengi huamini kwamba msingi wa nguzo ndefu ya taa hujengwa hasa ili kubeba uzito wake, na dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kwenye nyumba. Kwa kawaida, hata hivyo, kinachoamua ukubwa wa msingi huo ni upepo: ukisukuma taa kwa kilonyutoni 1 (nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100) kwenye kimo cha mita 12, chini hutokea nguvu ya kupindua ya kilonyutoni-mita 12 (nguvu mara kimo), na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara 4. Kwa hiyo kina cha shimo na uimara wa udongo vina uzito mkubwa katika hesabu.

Chomeka fimbo mchangani, uisukume karibu na ncha, kisha karibu na mchanga; tofauti utaihisi mwenyewe. Kwa nguzo iliyokwisha kusimikwa, ikague kwa timazi, yaani uzi wenye uzito unaoonyesha wima, kuona kama imeinama, na utazame kama udongo umeachana na zege.