Omba Picha ya Kitako: Sanamu za Udongo za Staffordshire Zinazouzwa Mtandaoni

Katika karne ya 19, wafinyanzi wa Staffordshire nchini Uingereza walitoa sanamu ya Benjamin Franklin, wakaiandika "Washington". Wengi wa wanunuzi hawakuwahi kumwona yeyote kati ya hao wawili, na kalibu moja iliweza kubeba majina kadhaa kadiri soko lilivyotaka. Maelezo yasiyo sahihi yalianzia kiwandani, miaka mingi kabla ya intaneti.

Sisi tunaotunza vyombo vya udongo katika makumbusho huletewa picha za sanamu hizi na watu waliozinunua mtandaoni: mbwa spanieli wawili wawili, Malkia Victoria na Albert, Garibaldi shujaa wa Italia, makamanda wa Vita vya Crimea. Karibu picha zote hupigwa kwa mbele. Mbele ndiko kulikopambwa ili kupendeza, na ndiko mwigaji anakoweka juhudi zake zote. Kwa hiyo ombi langu la kwanza huwa lilelile: mwambie muuzaji aigeuze, apige picha ya kitako.

Sababu iko katika ufinyanzi wenyewe. Nyingi za kuanzia miaka ya 1840 zina mgongo bapa, kwa kuwa zilikaa kwenye rafu juu ya meko, zikiegemea ukuta. Mfanyakazi, na watoto walikuwa wengi katika viwanda hivyo, alitandaza udongo kama chapati, akaukandamiza kwa vidole ndani ya kalibu ya nusu ya mbele na ya nusu ya nyuma, kisha nusu hizo zikaunganishwa. Hewa iliyofungiwa ndani ingepasua sanamu tanurini, hivyo kikatobolewa kitundu kidogo, aghalabu kisichozidi unene wa penseli. Nakala nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa njia nyingine. Uji wa udongo humiminwa katika kalibu ya plasta, plasta hunyonya maji, na tabaka likishashika kingoni uji uliobaki humwagwa. Uji huo unahitaji njia pana ya kutokea. Ndiyo maana nakala hizo zina tundu kubwa la mviringo, pengine la kupitisha kidole, nazo huwa nyepesi mkononi. Lakini usiihukumu vibaya sanamu ya kabla ya 1840 ukiikuta iko wazi kabisa chini. Nyingi zilitengenezwa hivyo.

Tundu peke yake halitoshi. Kampuni ya William Kent ya Burslem iliendelea kutoa sanamu za mtindo wa zamani, nyingine kwa kalibu za zamani, hadi 1962. Hao walikuwa wafinyanzi halali wa hukohuko. Kosa ni la mtu wa leo anayeandika "mwaka 1850" chini ya kitu cha 1950. Hapo tazama dhahabu ya mapambo. Ya zamani ni tulivu, na imefifia pale ilipofutwafutwa vumbi kwa miongo mingi. Dhahabu ya majimaji, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, inang'aa kama kioo. Tazama pia nyufa nyembamba za glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika udongo. Zikiwa zimetapakaa kila mahali kwa usawa na kutiwa rangi ya chai, shaka ni halali.

Sanamu nyingi za mgongo bapa hazina alama ya kiwanda. Muhuri mkubwa wenye taji na jina la Staffordshire hunitia wasiwasi zaidi kuliko kitako kitupu. Neno "England" lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani, iliyoanza kutumika 1891, kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka. "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20.

Linaloniudhi hasa ni jina la Obadiah Sherratt, mfinyanzi wa Staffordshire wa mwanzoni mwa karne ya 19, kubandikwa ovyo ili kupandisha bei. John Walton, mfinyanzi wa wakati huohuo, aliweka jina lake mgongoni mwa sanamu zake nyingi, lakini hakuna sanamu ya Sherratt inayojulikana kuwa na alama; sanamu huhusishwa naye kwa kulinganisha vitako, maua na nyuso. Muuzaji anayesema "ni ya Sherratt" bila kueleza analinganisha na nini, muulize.

Muulize pia kuhusu ukarabati, na umuulize kwa maandishi. Nchini Uingereza, ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, kwa kawaida una siku 14 tangu upokee mzigo za kubatilisha ununuzi. Kwa mtu binafsi haki hiyo huna, na maelezo yake ya maandishi ndiyo utakayoyashika akikataa kurudisha fedha. Mzigo ukifika, mulika shingo, mikono na masikio kwa tochi ya miale ya urujuanimno katika chumba chenye giza: rangi iliyopakwa juzi kuficha mvunjiko mara nyingi hung'aa tofauti na glezi inayoizunguka.