Magari ya Mtaani na Afya ya Vijana: Ajali ni Sehemu Tu ya Tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hilo wengi wamelisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba kijana anaweza kukulia kando ya barabara asiguswe na gari hata siku moja, na barabara hiyohiyo ikamnyima usingizi, hewa safi na hata marafiki.

Tuanze na marafiki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa mtulivu walikuwa na wastani wa marafiki 3 mtaani kwao. Wale wa mtaa wenye magari mengi hawakufika hata 1. Dar es Salaam tunaliona hilo kila barabara ya vumbi inapowekwa lami. Bodaboda, bajaji na magari yanayokwepa foleni huifanya njia ya mkato, wazazi wanawaita watoto ndani, michezo kama chandimu na rede inakufa. WHO inashauri walio na miaka 5 hadi 17 wapate walau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Watazipatia sebuleni?

Kelele nazo zina gharama. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia wanafunzi 2,680 wa miaka 7 hadi 10 katika shule 38. Kelele za magari nje ya shule zilipozidi kwa desibeli 5, kumbukumbu ya muda mfupi anayoitumia mtoto kufanya hesabu na kufuata maelekezo ilikua taratibu zaidi kwa asilimia 11.4. Ndani ya darasa, kelele za kupanda na kushuka nazo zilihusishwa na madhara hayo, na hizo ndizo za bodaboda iliyotolewa sailensa na honi za daladala kituoni. Usiku, WHO inashauri kelele za barabarani zisizidi desibeli 45.

Kuhusu moshi, ukolezi wake hupungua haraka kadiri unavyoiacha barabara, kwa kawaida ndani ya mita mia chache. Kwa hiyo mwanafunzi anayepita uchochoroni badala ya kufuata barabara kuu huvuta moshi kidogo. Anayesimama kituoni tangu saa 11 alfajiri kwa sababu makonda wanakwepa nauli ya mwanafunzi, huyo anauvuta wote, na anafika shuleni amechoka.

Lakini ukitaka kugusa mengi kwa pamoja, shika mwendo. Gari la kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika sekunde 1 ambayo dereva anatumia kushtuka, kabla mguu haujagusa breki. La kilomita 30, barabara ikiwa kavu, huwa limeshasimama kabisa ndani ya umbali wa mita 13 hivi. Na mtoto wa shule ya msingi bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalomjia. Kumwambia "angalia kulia na kushoto" ni sawa, ila hakumpi uwezo ambao ubongo wake haujaufikia.

Mwendo mnaweza kuupima wenyewe. Pimeni mita 50 kwa futikamba, wekeni alama mbili, simameni nje ya barabara na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari likitumia sekunde 6, liko kilomita 30 kwa saa, likitumia 3.6, ni 50. Pimeni saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi na wakati shule zinafunguliwa, si likizo, na hesabuni pia watoto wanaovuka na mahali wanapovukia.

Msikimbilie kumwaga zege. Matuta ya kujitengenezea huwa mafupi na yenye ncha: dereva anafunga breki ghafla, anapita, kisha anakanyaga mafuta, na mtaa unapata kelele na moshi kuliko mwanzo. Bodaboda hulikwepa tuta pembeni, palepale wanapopita watoto, na mvua ikinyesha maji yanatuama. Tuta la mviringo la kushusha mwendo huwa na upana wa kama mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, lina rangi na alama ya tahadhari, na linaacha njia ya maji. Moja peke yake halitoshi. Yakiachana mita 80 hadi 100, dereva hapati nafasi ya kuchanganya mwendo.

Vipimo vyenu vipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa, viambatane na barua kwenda TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) ikiwa ni barabara ya mtaa, au kwenda TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa. Ukikosea ofisi, barua huzunguka miezi. Mkisubiri majibu, hamishieni kitanda cha kijana chumba cha nyuma, na asubuhi magari yanapojaa fungueni madirisha ya upande usioelekea barabara.