Mraba "usiovunjika" na farasi "mwenye akili"

Nimeletewa tena ile sentensi, safari hii na mtu mzima anayefundisha historia: "Mraba wa askari wa miguu haukuwahi kuvunjwa na wapanda farasi zama za Napoleon, kwa sababu farasi ana akili, hajirushi kwenye singe." Mraba ni kikosi kilichojipanga pande nne, singe (visu vya mdomoni mwa bunduki) zikielekea nje. Makosa mawili kwa pumzi moja, na mtu anaitamka kama anasoma dua.

La "haukuwahi" halihitaji muda. Tarehe 23 Julai 1812, siku moja tu baada ya Wafaransa kushindwa vita vya Salamanca, madraguni (wapanda farasi) wazito wa Kijerumani waliotumikia Uingereza, chini ya Jenerali von Bock, waliwafikia Wafaransa wa Jenerali Foy waliokuwa wakilinda mgongo wa jeshi linalorudi nyuma, pale García Hernández, Hispania. Wakavunja mraba wa kwanza. Wakavunja wa pili. Walipojaribu tena kwa vikosi vilivyobaki, wakarudishwa. Wafaransa waliotekwa walipita elfu moja. Dresden, Ujerumani, 1813, mvua ilinyesha usiku kucha, baruti ikalowa, na miraba ya Waaustria ikabaki na singe peke yake. Wapanda farasi wa Murat, jemadari wa Napoleon, wakaisambaratisha. Tuendelee.

Linaloniudhi hasa ni hilo la farasi. Ni kweli hapendi kugonga ukuta wa watu wasioacha upenyo. Lakini hakwenda pale peke yake. Juu yake yuko mtu anayeziona singe zilezile, na mkono wake ukivuta hatamu kidogo tu, yule mnyama amepata ruhusa aliyokuwa anaitafuta: anapinda, anapita kwenye nafasi iliyoachwa kati ya mraba na mraba, na kule anapigwa risasi za ubavuni. Mashambulizi mengi yaliishia hivyo. Halafu anakuja mtu miaka mia mbili baadaye na kumsifu farasi kwa busara!

Sasa simama upande wa pili, ndani ya safu. Una gumegume, bunduki ya kushindilia risasi moja moja. Ukifyatua adui akiwa mita mia, risasi nyingi zinapotea, na askari hodari anahitaji sekunde 15 hadi 20 kushindilia tena. Farasi anayekimbia kwa nguvu anamaliza mita 50 za mwisho kwa sekunde sita au saba. Kwa hiyo una mpigo mmoja, yaani safu nzima kufyatua kwa pamoja mara moja tu. Ofisa anayeamuru "piga!" ana shida ya kipa kwenye penalti: akiwahi kaumbuka, akichelewa pia kaumbuka. Wanaokariri kwamba kungoja ndiyo siri ya ushindi hawafiki kwenye swali la pili: ukimuua farasi aliye hatua chache mbele yako, mzoga wa kilo mia tano unasimamishwa na nani?

Ndivyo inavyosimuliwa García Hernández. Mpigo ulitoka karibu mno, farasi aliyepigwa akaja kuangukia singe pamoja na mpandaji wake, watu wakalala chini, upenyo ukapatikana, wenzake wakaingia na panga.

Nami hadithi hiyo siimezi yote. Inamfaa kila mtu kupita kiasi. Aliyeshindwa anasema ilikuwa ajali. Mwandishi wa vitabu anabaki na kanuni yake salama: mraba hauvunjiki, ila mzoga ukiudondokea. Na huo mzoga aliuona nani vizuri? Baada ya mpigo mmoja wa batalioni, moshi unatanda hata askari hamwoni aliye mbele yake. Sisemi haukuanguka. Nasema umebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uzito wake, kwa sababu mraba wa pili haukuangukiwa na farasi. Wale walikuwa wametoka kuwaona wenzao wakikatwa. Wakapiga ovyo, wakayumba, baadhi wakaanza kuondoka mahali pao, na madraguni wakaingia palipokwisha kufunguka. Hapo singe zilikuwa nzima na bunduki zilikuwa kavu.

Tatizo jingine ni taarifa zenyewe. Kamanda akikuta batalioni iliyochelewa kujipanga, nusu imegeuka na nusu inakimbia, akaifyeka, jioni ataandika "nimevunja mraba." Kuna miraba ya namna hiyo kwenye orodha zetu za miraba iliyovunjwa, na mimi nikihesabu natoa baadhi, mwenzangu anairudisha. Hatujaelewana mpaka leo.

Na tafadhali usiniletee Waterloo, vita vya mwisho vya Napoleon, 1815. Ndiyo, maelfu ya wapanda farasi wa Ney, jemadari mwingine wa Napoleon, walizunguka miraba ya Waingereza na wenzao alasiri ile na hakuna uliovunjika. Lakini mraba ni shabaha nono kwa mzinga: watu wamebanana na hawawezi kutawanyika, maana farasi wako karibu. Ney hakupeleka mizinga ya kutosha pamoja na farasi wake. Baadaye, shamba la La Haye Sainte mbele ya safu ya Waingereza lilipotekwa, Wafaransa walisogea karibu na kikosi chao cha 27 cha Inniskilling kilichokuwa kwenye mraba, na kwa bunduki na mizinga wakaua na kujeruhi zaidi ya nusu yake. Mwaka uliotangulia, tarehe 25 Machi 1814 pale Fère-Champenoise, Ufaransa, Warusi na washirika wao walifanya kile ambacho Ney hakukifanya. Miraba ya Jenerali Pacthod wa Ufaransa, wengi wao walinzi wa taifa wasio wazoefu, ilirudi nyuma kwa saa kadhaa huku ikiwafukuza wapanda farasi kila walipokuja. Mizinga ilipoletwa karibu na kuanza kuwatoboa, wapanda farasi waliingilia kwenye matundu hayo, na waliosalimika kufika vinamasi vya Saint-Gond walikuwa wachache.