Mtafiti wa saratani anaweza kutoka Kongwa

Wanafunzi wengi wa Mkoa wa Dodoma, wa wilaya kama Kongwa, wanauweka utafiti wa saratani kwenye fungu la mambo yasiyowahusu. Dhana zinazowafikisha huko zinatunyima watafiti.

Dhana: Bila udaktari huwezi kutafiti saratani.

Ukweli: Aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hudhani mlango ulifungwa tangu kidato cha tano. Tazama saratani ya taya kwa watoto iliyoelezwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hospitali kwa hospitali, wakipita pia Tanganyika, wakiuliza ugonjwa unaonekana wapi. Ramani yao ilionyesha kwamba joto, mvua na mwinuko wa ardhi vina uzito, na baadaye malaria ikaanza kushukiwa kuchangia ugonjwa huo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa hadubini ya elektroni. Kazi hiyo ilihitaji jiografia, takwimu, maabara na watu wa kuuliza maswali vizuri. Leo ongeza mtaalamu wa kompyuta, muuguzi na mwanasosholojia.

Dhana: Kuchukua vijana wa vijijini, wasichana na wenye ulemavu wawe watafiti ni kuwahurumia.

Ukweli: Hili linaniudhi kuliko yote, maana linageuza hitaji la sayansi kuwa sadaka. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na bado kuna kazi ya kujua ni binti gani anaikosa, na kwa nini. Mama wa Mpwapwa anayetokwa damu isiyo ya kawaida atamweleza nini kijana wa kiume aliyetumwa akiwa na dodoso, tena kupitia mkalimani? Binti anayezungumza naye Kigogo, anayejua heshima ya kumuuliza mkubwa jambo la siri, atarudi na majibu tofauti. Majibu hayo ndiyo data.

Vivyo hivyo kwa saratani ya ngozi, inayowaandama watu wenye ualbino kwa sababu ya jua. Mtafiti mwenye ualbino aliyekulia Bahi anajua saa ambazo shambani hapakwepeki, na kofia ipi watoto huivua wakifika shuleni. Na tukizungumzia vinasaba, tafiti nyingi duniani zimetegemea sampuli za watu wenye asili ya Ulaya. Pengo hilo halitazibwa kwa huruma.

Dhana: Lazima uende ng'ambo.

Ukweli: Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani yake. Ng'ambo inasaidia, lakini si sharti la kuanza.

Dhana: Semina ya siku tatu inatosha kumwandaa mtafiti.

Ukweli: Cheti cha semina hakimfundishi mtu kuandika pendekezo la utafiti, kuomba kibali cha maadili, kusafisha data, kisha kukataliwa na jarida na kuandika upya. Hayo hufundishwa na msimamizi anayesoma rasimu ya nne kwa umakini uleule wa rasimu ya kwanza. Na kijana wa Chemba akikosa posho ya kujikimu, ataacha kabla ya rasimu ya pili, hata awe na akili kiasi gani. Wanaopanga bajeti za mafunzo waanze na posho hiyo, kisha ndiyo waje kwenye ukumbi na fulana.