Kabla hujamdhamini ndugu wa kanisani

Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana nje, ndipo fomu za mkopo zinapotembea. "Mama, naomba saini yako hapa, ni ya SACCOS tu." Kalamu inatolewa, tangi la pikipiki linageuka meza, saini inawekwa. Mimi ni afisa mikopo wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha kuweka akiba na kukopa, ambayo wanachama wake wengi husali pamoja. Wanaoingia ofisini kwangu wakilia mara nyingi si wakopaji, ni wadhamini.

Wengi hudhani mdhamini ni shahidi wa tabia: anathibitisha kwamba mwombaji ni mtu mwema, hakosi jumuiya, anaimba kwaya. Sivyo. Mdhamini ni mtu aliyekubali kulipa mwenzake akishindwa. Tuseme Baba fulani ana akiba ya shilingi 2,000,000 na amekopa 6,000,000, mara tatu ya akiba yake, kama SACCOS nyingi zinavyoruhusu. Amerejesha 1,500,000, biashara imekufa, amekwama. Linabaki deni la 4,500,000, ukiacha riba. Tunakata akiba yake kwanza, zinabaki 2,500,000. Wadhamini wakiwa wawili, kila mmoja anakatwa 1,250,000. Hata mkopaji akiwa analipa vizuri, akiba uliyoiweka dhamana imefungwa mpaka deni liishe au apatikane mdhamini mwingine wa kushika nafasi yako. Januari ikifika na ada ya mtoto, usije kuniambia nikufungulie kidogo.

Biblia haikulikwepa jambo hili. Mithali inaonya juu ya udhamini tena na tena, na sura ya 22 inauliza kwa ukali: kama huna cha kulipa, kwa nini uje uondolewe kitanda unacholalia? Sura ya 6 inamhimiza aliyekwisha kujifunga aende akamsihi mwenzake, asilale usingizi kabla hajajinasua. Ukisoma hapo tu utasema Mkristo asidhamini kabisa. Lakini Yuda alijitoa kuwa mdhamini wa Benyamini mbele ya baba yao, na kule Misri mambo yalipoharibika hakumkana. Aliomba yeye abaki mtumwa badala ya kijana. Naye Paulo, akimwombea Onesimo kwa Filemoni, anasema kama kuna deni liandikwe juu yake, kisha anaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "mimi nitalipa."

Kwangu mimi Mithali na Paulo hawapingani. Mithali inamkemea anayetoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Paulo na Yuda walijua wanachoahidi, wakawa tayari kukibeba. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya saini si "huyu ndugu ni mwaminifu?" Mwaminifu naye huugua, hufiwa, hupunguzwa kazini. Jiulize hivi: fedha hii ikikatwa yote, nitaweza kuendelea kumsalimia na kushiriki naye meza ya Bwana bila kinyongo? Kama jibu ni hapana, usisaini. Na kama una mwenzi, muulize kwanza. Nimeona ndoa zikitikiswa zaidi na saini ya siri kuliko na deni lenyewe.

Kukataa ndiko kunakotushinda. Tunasema "ngoja niombee," halafu hatupokei simu wiki nzima. Huko si kuomba, ni kujificha. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Mwambie ndugu yako waziwazi kwamba udhamini huuwezi, na kama una laki moja mpe iwe zawadi, asidaiwe. Laki uliyoitoa kwa moyo inamsaidia kuliko saini ya milioni utakayoijutia. Pengine itamwepusha hata na wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, ambao hawahitaji mdhamini kwa sababu wanachukua friji.

Sisi tunaokopesha nasi tumewekewa mipaka. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wa mtu, na inamzuia mdai kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje aletewe. Cherehani ya fundi nguo ina tofauti gani na jiwe lile? Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti wa Ujerumani aliyeanzisha chama cha mikopo cha wakulima Heddesdorf mwaka 1864, alijenga mfumo wake juu ya imani yake ya Kikristo: majirani wanaojuana, kila mmoja akibeba dhamana ya wote. Ulifanya kazi kwa kuwa walifahamiana hali zao, si kwa kuaibishana. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na kusoma majina ya wadaiwa kanisani, hata mzee wa kanisa akisema itawaamsha.

Mkopaji, na wewe: ukiona rejesho la mwezi ujao halitapatikana, mpigie mdhamini wako kabla mimi sijampigia. Kisha njooni wote wawili ofisini. Deni lililochelewa mwezi mmoja naweza kulipeleka kwenye kamati ya mikopo tukaomba marejesho yapangwe upya kwa kiasi kidogo. Likikaa miezi sita bila neno, hapo mimi ni wa kukata tu.