Hisia za mtabibu nazo ni sehemu ya tiba

Kila mhudumu wa afya anamjua mgonjwa anayerudi rudi. Vipimo vyake ni safi, dawa za maumivu amekwisha kupewa, na bado analalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio. Daktari kijana akiona faili lake mezani anachoka kabla hajamwita. Amefundishwa kujikaza, kwa hiyo anaficha uchovu ule, anaandika dawa nyingine na kumwita anayefuata. Sisi tunaofundisha tiba ya saikolojia tungependa asimame hapo kidogo na kujiuliza: mbona nachoka kwa huyu, na si kwa yule aliyemtangulia?

Tiba ya saikodinamiki ni tiba ya mazungumzo inayotafuta hisia na migongano ya ndani ambayo mtu mwenyewe hajaitambua. Mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud, madaktari wa Vienna, walichapisha kitabu kuhusu wagonjwa wa histeria, yaani watu wenye dalili za mwili zisizo na chanzo cha kimwili kinachoonekana. Waliona kwamba mgonjwa akisimulia jambo lililomuumiza kwa sauti kavu, dalili hubaki palepale; nafuu huja kumbukumbu inaporudi pamoja na uchungu wake. Baadaye ilidhihirika kwamba kulia pekee hakutoshi. Machozi ya kila kikao yanaweza kuwa yamefunika hasira ambayo mtu hathubutu kuielekeza kwa mzazi aliyemtelekeza. Mtabibu humsaidia kuifikia hasira hiyo, kuivumilia, na kuona inavyoingia katika ndoa yake au kazi yake ya leo.

Tena hasira hiyo haimtafuti mzazi peke yake. Mgonjwa anaweza kumwona mtabibu kuwa mkali, asiyejali, au mkombozi, kama alivyowaona watu wa utotoni mwake. Na mtabibu naye ni binadamu: huudhika, huogopa, huona huruma kupita kiasi. Mwaka 1910 Freud aliwataka wenzake wazitambue hisia zao kwa wagonjwa na kuzishinda. Kwa miaka mingi wanafunzi walielewa kuwa mtabibu mzuri hahisi kitu.

Aliyepinga waziwazi ni Paula Heimann, mchambuzi wa nafsi, yaani mtabibu wa njia aliyoianzisha Freud, aliyefanya kazi London. Katika mkutano wa Zürich mwaka 1949 alieleza jinsi wanafunzi walivyoona aibu kwa kuhisi chochote, wakajifanya baridi. Alitoa mfano wa mgonjwa wake aliyetangaza kuwa ataoa mwanamke aliyekutana naye juzijuzi tu. Heimann alijikuta na wasiwasi asioweza kuueleza. Badala ya kuupuuza, aliuchukulia kama dalili kwamba kuna jambo kwa mgonjwa ambalo yeye bado hajalielewa, akaendelea kusikiliza. Kwangu mimi, hapo ndipo mafunzo yetu yalipopata mwelekeo.

Lakini hisia ya mtabibu si ushahidi. Huenda ninaudhika kwa sababu mgonjwa anarudia kwangu ugomvi wake wa zamani. Huenda pia ninaudhika kwa sababu anafanana na shemeji yangu. Kutenganisha haya mawili hakufundishwi kwa kitabu. Ndiyo maana taasisi ya uchambuzi wa nafsi ya Berlin, iliyoanza kama kliniki mwaka 1920, iliweka misingi mitatu ambayo bado inafuatwa: masomo, kutibu chini ya msimamizi, na mwanafunzi mwenyewe kukaa kwenye kiti cha mgonjwa. Huo wa tatu wengi huuona kuwa anasa. Siukubali mtazamo huo. Asiyewahi kueleza aibu yake mbele ya mtu mwingine hajui anachomwomba mgonjwa afanye.

Madaktari wa kawaida nao walipata njia yao. Michael Balint, daktari kutoka Budapest aliyehamia Uingereza mwaka 1939, alianza pamoja na mkewe Enid kuwakutanisha madaktari wa familia katika kliniki ya Tavistock, London, miaka ya 1950. Daktari husimulia habari za mgonjwa mmoja anayemsumbua, bila kusoma faili. Wenzake hawamshauri dawa. Wanasema simulizi limewagusaje: mmoja amechoka, mwingine ana hasira, wa tatu anaona huzuni ambayo msimulizi hakuitaja kabisa. Mara nyingi huzuni hiyo ni ya mgonjwa, imepita masikioni mwa daktari bila kusikika. Vikundi vya aina hii leo ni sehemu ya mafunzo ya madaktari wa magonjwa ya akili Uingereza. Havihitaji mashine wala bajeti kubwa. Vinahitaji chumba, kiongozi aliyefunzwa, na usiri, hata katika hospitali ya wilaya.

Kwa wewe unayetafuta tiba: mtabibu akikuuliza, "Hapa tulipo, unahisi nini juu yangu?" hatafuti sifa. Ukiwa umemkasirikia, mwambie. Hasira hiyo ni kazi mliyokuja kuifanya. Yeye hatakiwi kukutupia mizigo yake, na uhusiano wa kimapenzi baina yenu ni marufuku, hata kama wewe ndiye unayeutaka. Siku ya kwanza una haki ya kumuuliza amefunzwa wapi na nani anayemsimamia. Mtabibu anayesimamiwa vizuri hujibu swali hilo bila kuudhika.