Kitabu cha Kwanza cha Mtoto: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

“Mtoto wa miezi miwili haelewi kitu, kitabu cha nini?”

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa tayari anaitambua sauti ya mama yake. Maana ya maneno bado, lakini mahadhi ya lugha yanamwingia. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wawasomee watoto tangu uchanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 nao unataka mtoto asiyefikisha mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Anapotulia, asomewe na asimuliwe hadithi. Katuni za kwenye simu hazichukui nafasi hiyo.

Macho ya mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, kiasi cha kutoka titi la mama hadi usoni pake. Mtafutie picha kubwa, moja kwa ukurasa, nyeusi juu ya nyeupe. Vile vitabu vya rangi za kufifia vilivyojaa vichoro vidogo vidogo humvutia mnunuzi, mtoto havioni. Dukani ukivikosa, chora samaki au jua kwa kalamu nene kwenye vipande vya boksi.

“Asikiguse, atakichana”

Atakichana, na atakitia mdomoni, kwa kuwa ndivyo anavyokijua kila kitu. Mnunulie chenye kurasa ngumu za kadibodi au cha kitambaa kinachofulika. Kagua pembe zisiwe kali, na pasiwe na kifungo au shanga ya kung’oka. Kitabu kilichofungiwa kabatini kinanisikitisha kuliko kilichotafunwa.

“Cha Kiingereza kitamfaa zaidi shuleni”

Hapa ndipo ninapobishana na wazazi kila mwaka, nami sichoki. Anayeanza kusoma ana kazi mbili: kugeuza herufi kuwa sauti, kisha kulitambua neno. Mtoto wa nyumba ya Kiswahili akitamka *pa-ka*, mara moja anamwona paka wa jirani. Kwa lugha asiyoizungumza anabaki na sauti tupu, na mzazi anadhani mtoto ni mzito. Tena Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika. *A* ya “baba” ndiyo *a* ya “kata”. Akishazishika silabi, hata neno jipya analitamka mwenyewe, na kusoma huko atakwenda nako hadi kwenye Kiingereza.

Lakini usidanganyike na kitabu chenye maneno machache kwa ukurasa. “Nilipowatembelea” ni neno moja, lina silabi nane! Anza na sentensi kama “Paka amelala” au “Kuku yuko wapi?”, *ng’*, *dh* na *gh* zisubiri kidogo. Mpe asome ukurasa mmoja mbele yako. Akikwama karibu kila mstari, kitabu hicho msomee wewe, naye umpe chepesi zaidi.

Kama nyumbani mnasema Kisukuma au Kidigo, zungumzieni picha kwa lugha hiyo. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unatoa bure mtandaoni hadithi za Kiswahili na za lugha nyingine nyingi za Afrika, zikiwa zimepangwa kwa viwango. Duka la steshenari lenye printa litakuchapishia.

“Anadai kilekile kila siku, anakariri tu”

Mpe. Kwa kurudia, anaanza kuoanisha neno alilolizoea sikioni na herufi anazoziona.

“Bibi hajui kusoma, hawezi kumsaidia”

Anaweza sana. Vipo vitabu vya picha tupu, visivyo na neno hata moja, na bibi aliyezoea kutamba hadithi hukitumia kitabu cha namna hiyo vizuri kuliko wengi wetu. Ampakate mjukuu, afungue ukurasa, aelekeze kidole na kuuliza: “Huyu anakwenda wapi na kikapu chake?” Kisha asubiri, hata kama jibu ni “ba!” tu.